Zebaki ya Meno na Zebaki ya Machimbo
Wapo wenye uwezo wanaosafiri ng'ambo ili waondolewe zebaki iliyozibia meno yao. Kweli, karibu nusu ya uzito wa kizibo hicho ni zebaki. Lakini imeungana na madini ya fedha, bati na shaba, na mvuke unaotoka ni mdogo sana. Huko Geita na Shinyanga, mchimbaji mdogo huinasa dhahabu kwa zebaki, kisha huliunguza donge lake mahali pa wazi. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Sentigredi. Mvuke wake, ukivutwa, hudhuru ubongo na figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazihusu zebaki zote mbili. Hata hivyo, astahiliye kukingwa kwanza ni mchimbaji: apatiwe chombo kilichofungwa, kinachounasa mvuke na kuupoza uwe zebaki tena.