Kalenda ya Mwajiri
Mhitimu anaripoti kazini Dar es Salaam. Siku ya kwanza anadaiwa namba ya mlipakodi. Mkataba, anaambiwa, "unaandaliwa". Unaandaliwa na nani, mwezi wa tano huu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi. Akishindwa kuyaleta kwenye shauri, mzigo wa uthibitisho ni wake. (Wanafunzi wangu wengi hawalijui hili.) Lakini kifungu cha 35 cha sheria hiyohiyo kinamnyima kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki asiyetimiza miezi 6. Mwajiri mjanja hahitaji wakili. Anahitaji kalenda tu.

Kodi haisubiri miezi 6. Kwa nini kinga isubiri? Bunge likifute kifungu hicho.