Uvira: Injini ya boti ikichemka, pompi husingiziwa bure

Abiria wanaosafiri kutoka bandari ya Kalundu kwenda Baraka wanalijua neno moja wasilopenda kulisikia wakiwa mbali na pwani: "Moteri imeshofe." Nahodha anazima injini, boti inaanza kuyumbishwa na mawimbi, na watu wote wanageuka kuangalia nyuma. Vijana wa boti wanafungua kifuniko, wanangoja ipoe, wanawasha tena. Baada ya muda mfupi inachemka tena. Wakifika Baraka fundi anaitwa, na kabla hajagusa kitu amekwisha kusema: ni pompi ya maji.

Mara nyingi anasema kweli. Ndani ya pompi ile kuna gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, na mpira unachoka. Tena maji ya pwani ya Uvira yamejaa mchanga na takataka ambazo mito kama Mulongwe na Kalimabenge inashusha kutoka milimani kila mvua kubwa inaponyesha. Mchanga unaula mpira huo haraka. Kubadili pompi iliyochoka ni kazi ya lazima, hakuna anayebisha.

Lakini zipo boti zinazobadilishiwa pompi leo, na baada ya wiki mbili zinachemka vilevile. Pompi nyingine inanunuliwa. Mwenye boti analipa, fundi anapokea, abiria wanaendelea kukaa ziwani wakiomba Mungu. Kosa hapo liko kwenye fikira kuliko kwenye vyuma. Watu wanauliza kama maji yanaingia, hawaulizi kama yanatoka.

Injini ya kufunga nyuma ya boti, kama zile Yamaha za farasi 40 zinazoonekana sana ziwani Tanganyika, inavuta maji kupitia matundu ya chini ya mguu wake. Pompi inayasukuma juu, yanazunguka silinda na njia ya moshi, kisha yanashuka tena ndani ya mguu pamoja na moshi na kutokea kwenye helisi, chini ya maji, mahali ambapo hakuna anayeyaona. Kinachoonekana ni ule mchirizi mdogo wa pembeni, ambao mabaharia wanasema ni mkojo wa injini. Basi kila mtu anautazama huo. Ukitoka vizuri, wanasema injini ni nzima. Ukikatika, wanasema pompi imekufa.

Yote mawili yanaweza kuwa uongo. Mchirizi unaweza kukatika kwa sababu tundu lake dogo limezibwa na mchanga au na nyigu aliyejenga nyumba ya udongo wakati boti imelala ufukoni. Waya mwembamba unamaliza shida hiyo kwa dakika moja, bila franka hata moja. Na kwenye injini nyingi mchirizi huo unachotwa kabla maji hayajamaliza safari yake. Kwa hiyo pompi inaweza kuwa mpya kabisa, mkojo unaruka vizuri, na huku mbele zaidi njia imefungwa. Mkojo mzuri pamoja na injini inayochemka ni alama ya wazi kwamba kizuizi kiko upande wa kutokea. Fundi anayeona alama hiyo na bado anatuma mtu dukani kununua pompi, anauza vyuma tu.

Mahali pa kwanza pa kuangalia ni temostati, kile kizibo kidogo kinachofunguka maji yakipata moto. Kinaweza kukwama kikiwa kimefungwa. Kukipima hakutaki mashine ya Ulaya: unakitia kwenye sufuria ya maji baridi na kuiweka kwenye makaa. Kama maji yamechemka kabisa na kizibo hakijafunguka, kimekufa. Basi kinunuliwe kingine. Tabia ya kukitoa na kukitupa ziwani, ambayo mafundi wengi wanaisifu kama ujanja, inaleta shida nyingine. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi haichomi esansi vizuri, na masizi yanaanza kujipaka kwenye njia ya moshi. Ukiongeza na tabia ya kuchanganya mafuta mengi ya injini kwenye esansi, "ili moteri ikae muda mrefu," masizi yanakuwa tabaka gumu. Mwenye boti anadhani ameitunza injini, kumbe ameibana koo.

Kuna na tabaka nyingine. Maji ya Tanganyika hayana chumvi kama bahari, lakini yana madini mengi, na akina mama wanaochemsha maji hayo wanaujua ule weupe unaobaki ndani ya sufuria. Weupe huohuo unajipanga ndani ya njia nyembamba za injini, mwaka baada ya mwaka. Siki inautoa, kama inavyousafisha birika. Masizi hayasikii siki. Hayo yanataka kukwanguliwa, na ili yakwanguliwe lazima injini ifunguliwe.

Kwenye boti kubwa za mbao zenye injini ya mazutu ndani ya tumbo, jambo hili ni baya zaidi, na ndiko kimya kingi kiliko. Kwenye zile zinazopooza moshi kwa maji, maji ya ziwa yakimaliza kuipooza injini yanamwagwa ndani ya bomba la moshi, kwenye kiwiko cha chuma, ili moshi upoe kabla ya kupita kwenye mpira mnene unaoutoa nje ya boti. Kiwiko hicho ndicho kinachokufa polepole. Ndani yake moshi wa moto na maji vinakutana; kutu na masizi vinashikana mpaka tundu lililokuwa pana kama ngumi linabaki kama kidole.

Dalili zake hazijifichi kwa anayetaka kuziona. Injini ikienda taratibu haina shida, ikiongezwa mwendo inachemka, kwa sababu maji machache yanayopenya yanatosha moto mdogo tu. Nyuma ya boti, badala ya maji kutapikwa kwa nguvu pamoja na moshi, kunatoka mvuke na matone. Nguvu zinapungua, moshi unakuwa mweusi. Nahodha anasema leo mzigo ni mzito. Kesho yake anasema mazutu si mazuri.

Kupima ni kwa ndoo. Boti ikiwa imefungwa bandarini, mpira unaopeleka maji kwenye kiwiko unachomolewa na mdomo wake unawekwa ndani ya ndoo. Injini inawashwa kwa sekunde 15 hivi, si zaidi, maana bomba la moshi halina maji wakati huo. Kama ndoo inajaa kwa nguvu, pompi haina kosa. Mpira ukirudishwa na nyuma ya boti yakatoka matone tu, mgonjwa amejulikana: kiwiko kinafunguliwa, kinatazamwa kwa tochi, kinakwanguliwa au kinabadilishwa. Kazi hiyo inaweza kuchukua asubuhi moja. Kwa nini haifanyiki? Sababu moja ni pesa. Boti iliyolala siku moja haileti kitu, na wachuuzi wa soko la Baraka hawangojei. Sababu nyingine ni kwamba bulonzi za kiwiko zimekula kutu na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuzivunja.

Hofu iliyo kubwa ni ule mpira wa moshi. Umetengenezwa kupitisha moshi uliopoozwa na maji. Maji yakikosekana, moshi wa mamia ya digrii unapita ndani ya mpira mkavu, na mpira unaanza kuungua ndani ya boti ya mbao, karibu na bidoni za mafuta na watu waliokaa juu ya magunia. Kusema kwamba injini iliyochemka inaharibu joenti ya kulasi ni kusema hasara ya mwenye boti. Hii nyingine ni hasara ya abiria, na abiria hakuambiwa chochote alipolipa tiketi.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi wakapoteza maisha. Ilikuwa imepakia kupita kiasi. Ndiyo maana tangu siku hiyo mazungumzo kuhusu usafiri wa maziwa yamekuwa ya jaketi za kuokolea na hesabu ya watu, na ni haki yawe hivyo. Lakini boti iliyojaa ambayo injini imezimika haiwezi kuelekeza pua yake kwenye wimbi. Inageuka ubavu, na ubavu ndio unaopinduka. Mambo haya mawili hayawezi kutenganishwa kwenye ukaguzi.

Wakuu wa bandari wanaopanda boti kuhesabu watu na kuangalia karatasi wana nafasi ya kuomba kitu kimoja zaidi: injini iwashwe dakika kumi kabla ya abiria kupanda, ipewe mwendo huku kamba zikiwa zimefungwa, na mtu asimame nyuma aangalie kinachotoka. Mvuke ukitoka badala ya maji, boti isiondoke. Hakuna ushuru mpya unaohitajika kwa hilo, na kwa kweli wakaaji wamekwisha kulipa ushuru wa kutosha kwenye bandari hizi.

Kwa upande wa nahodha, yako mambo ambayo fundi hawezi kumfanyia akiwa katikati ya maji. Injini ikianza kupanda moto apunguze mwendo mara moja, aangalie kama mfuko wa plastiki haukufunika matundu ya kuvutia maji, kisha azime. Asimwage maji baridi juu ya chuma chenye moto, kama wanavyofanya vijana wengi. Kichwa cha injini kinaweza kupasuka hapohapo. Na awe na nanga yenye kamba ndefu, kwa sababu ziwa hili lina kina cha hadi mita 1470 na mahali pengi nanga fupi haigusi chini hata karibu na pwani. Upepo wa kusi unaanza kuwa mkali karibu na mwezi wa tano. Boti zinazochemka leo kwenye maji tulivu ndizo zitakazokuwa zikibeba watu wakati huo.