Mastaa, Mkirusha Droni Kigoma Mjue Chini Kuna Watu

Wadau, siku hizi Kigoma imekuwa mchongo. Zamani staa akitaka kuonyesha kasafiri, ni Zanzibar tu, kila mtu na Nungwi yake. Sasa hivi mtu anashuka mwisho wa reli, anakodi boti, anafunga spika nyuma, na dakika tano mbele droni iko hewani. Klipu zinatoka kali, hilo silipingi. Maji ya Ziwa Tanganyika ukiyaona kutoka juu unaweza kubisha kwamba ni Tanzania.

Simtaji mtu jina. Kuna msanii mwenye mashabiki wake, kuna dada wa mitindo, kuna na wale wapenzi wawili ambao kila mwezi wako "vekesheni". Mnawajua. Tabia yao ni moja: droni kwanza, ruhusa baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haifiki. Hapo ndipo wanapozingua, na sisemi kwa wivu.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaichukulia droni kama simu iliyoota mabawa. Kwa nchi yetu droni, au ndege nyuki kama wengine wanavyoiita, ni chombo cha anga. Iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ina kanuni zake tangu 2018. Inatakiwa isajiliwe, irushwe kwa kibali, na Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake hapo. Ukiingia hifadhini, unakutana na TANAPA. Kuificha katikati ya mataulo na kumwambia nahodha "kaka, ni dakika mbili tu" sio kibali.

Halafu angalieni ramani. Kaskazini Burundi, ng'ambo ya maji Kongo, kusini Zambia. Kigoma ni mpakani, ina bandari, na uwanja wa ndege uko karibu na mji. Kitu kinacholia hewani bila taarifa, mwanausalama hawezi kujua kama ni klipu ya wimbo mpya au ni kitu kingine. Akikudaka usilie mtandaoni kwamba Kigoma hawapendi wageni.

Na msidhani ni ushamba wetu. Zile meli kubwa za kitalii za huko duniani, zenye mabwawa ya kuogelea na ghorofa kama hoteli, nazo zina masharti. Kuna kampuni zinazokataa droni kabisa, na kuna zinazokuruhusu uibebe lakini ukithubutu kuirusha ukiwa melini umeitafuta. Sababu zinaeleweka: upepo wa baharini, abiria wamejaa sitahani, na kitu chenye panga nne kikikosea kinaangukia kichwa cha mtu.

Kwenye boti zetu hatari ni hiyohiyo, na ina nyongeza ambayo wengi wanaijua wakishachelewa. Droni nyingi hukumbuka mahali ziliporukia. Mawasiliano yakikatika au betri ikikaribia kuisha, inarudi yenyewe palepale. Sasa boti haikai palepale. Ikiwa inakwenda kilometa 15 kwa saa, baada ya dakika kumi umeshasogea kilometa mbili na nusu. Droni inarudi "nyumbani" vizuri kabisa, inashuka taratibu kama ilivyofundishwa, inatua majini. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, na duniani linapitwa na Baikal peke yake. Hakuna mpiga mbizi wa kukutolea. Betri ya lithiamu na plastiki zinabaki ndani ya maji ambayo watu wanachota, wanavua na kunywa.

Lakini hasara ya mtu binafsi ni juu yake. Kinachoniuma mimi ni wale walioko chini.

Nenda Ujiji. Watalii wanaijua kwa sababu ya Stanley na Livingstone, waliokutana pale 1871. Wenyeji wanaijua kama mji wa watu, mji wa zamani wenye misikiti, miembe na nyumba zenye ua. Na uani kuna nini? Kuna mama amekaa kichwa wazi anachambua mchele. Kuna bafu la mabati lisilo na paa. Ukuta ule ulijengwa kuzuia macho ya mpita njia, hakuna fundi aliyefikiria macho ya juu. Staa anapitisha droni pale kutafuta "vaibu ya mji mkongwe", anaweka muziki, anaposti kwa watu laki kadhaa. Yule dada aliyekuwa anatoka kuoga kamuuliza nani?

Nenda Kibirizi, kina mama wanaanika dagaa. Tunapenda ile picha, rangi ya fedha imetandazwa, kanga zinapepea. Wale wako kazini. Hakuna anayekuja ofisini kwako Posta kukupiga picha kwa juu ukiwa umevua viatu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sura ya mtu anayetambulika ni yake, hata kama ana ndoo kichwani na wewe una tiki ya bluu.

Na kuna jambo ambalo wa Dar hatulifikirii kabisa. Mkoa huu umepokea watu waliokimbia vita miaka na miaka, kutoka Burundi na kutoka Kongo. Kambi ya Nyarugusu iko tangu 1996. Upande wa pili wa ziwa, miaka hii ya karibuni ndege zisizo na rubani zimetumika vitani, zinapiga. Kwako wewe ule mlio ni maudhui. Kwa mtu aliyevuka maji usiku na watoto wake, ule mlio unaweza kumrudisha kulekule alikokimbia. Hukupanga kumtisha, najua. Ndiyo maana inabidi uulize kabla.

Sasa njoo Gombe, hapo tu kaskazini mwa mji. Jane Goodall alifika 1960, akakaa miezi akiwa mbali, anasubiri sokwe wamzoee. Hakulazimisha. Ukienda Mahale leo, unavalishwa barakoa mbele ya sokwe ili usiwaambukize mafua, na unapewa saa moja tu. Watu wamejenga uaminifu na wanyama kwa zaidi ya miaka sitini, halafu wewe unataka kuleta nyuki wa chuma juu ya miti kwa ajili ya sekunde kumi na tano za kiki? Hapana bana.

Najua mtakachosema. Mtasema wazungu wanakuja na makamera yao, wanapiga kutoka juu, wanauza filamu, na sisi wenye ziwa tunaambiwa tukae chini. Mna hoja. Mtasema pia kibali kina mzunguko: barua huku, subiri kule, na likizo yako ni siku nne. Hiyo nayo ni hoja, na wahusika waisikie. Kijana wa Kitanzania anayetaka kuirusha droni ndogo ufukweni kwa siku mbili apate njia fupi, ya mtandaoni, yenye bei inayobebeka na ramani inayosema wazi hapa sawa, hapa hapana. Njia halali ikiwa ndefu mno, watu watapita uchochoroni.

Ila ugumu wa kibali haukupi haki ya kuchungulia bafu la mtu.

Mimi nataka Kigoma ionekane, na ionekane kwa macho yetu wenyewe. Basi fanyeni hivi. Kama kibali hamjapata, iacheni droni nyumbani. Kamera ya mkononi juu ya boti jioni, jua likizamia Kongo, inatosha kabisa. Kama mnataka picha za juu, tafuteni mpiga picha mwenye kibali, na kama ni kijana wa Kigoma ndio vizuri zaidi: hela inabaki pale, na anajua upepo wa ziwa unabadilika saa ngapi. Nahodha akikataa, amekataa, chombo ni chake na roho za abiria ziko mikononi mwake. Na mkitaka kupiga Ujiji au Kibirizi, shukeni kwanza. Mwone mwenyekiti wa mtaa, salimia, jieleze. Watu wa Kigoma hawana roho mbaya, ukiwapigia hodi wanakukaribisha mpaka ugali na migebuka.

Hodi ni bure, wadau. Staa gani anashindwa kupiga hodi? Nyie mnaonaje?