Nani Kasema Kipimo Hakidanganyi?

Ukitaka ubishi uishe haraka pale Izigo, mkoani Kagera, toa cheti cha maabara mfukoni. Mjomba hubishiwa, mwenyekiti wa kitongoji hubishiwa, hata padri hubishiwa akishaondoka. Karatasi yenye muhuri na neno "taifodi" haibishiwi na mtu. "Kipimo hakidanganyi," atasema mwenye nayo, na wazee kwa vijana wataitikia kwa kichwa. Mimi nasema kinadanganya. Kinadanganya kwa kiwango kinachojulikana, kilichochunguzwa na kuchapishwa, na sisi tunaendelea kukinywea dawa.

Nianze na taifodi yenyewe, maana huko ndiko uongo umenona. Mtu akiwa na homa ya siku tatu na tumbo linalonguruma, ni nadra arudi kutoka zahanati za kando ya barabara ya Bukoba–Muleba bila kuambiwa anayo. Kipimo chenyewe mara nyingi ni Widal, kilichopewa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti kimelea cha taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili kwamba umewahi kupambana na kimelea hicho au ndugu zake. Mtaalamu anadondosha tone la majimaji ya damu kwenye kigae cheupe, anaongeza tone la kitendanishi chenye rangi, anakitikisa kigae taratibu kwa dakika moja hivi, kisha anainama kutazama kama tone limeanza kugawanyika mfano wa maziwa yanayokatika. Likishikana vipunje, ni chanya. Akiitwa mlangoni akachelewa kurudi, tone linakauka ukingoni na vipunje vinajitokeza vyenyewe. Hata akiwahi, vipunje vya kweli vinaweza kuwa vya taifodi ya zamani, vya vimelea vingine vya jamii hiyo, au vimeamshwa na malaria. Ndipo kiwango cha kingamwili kinaandikwa 1:80 au 1:160, na mgonjwa anasoma namba hiyo kana kwamba ni kilo za kahawa alizopimiwa.

Katika Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga, watafiti walikijaribu kipimo hiki kwa watoto 1,680 waliolazwa na homa, majibu yakachapishwa mwaka 2010. Damu za watoto hao zilioteshwa pia maabara, ili kimelea chenyewe kama kipo kiote na kuonekana. Waliokutwa na taifodi kwa njia hiyo walikuwa 16. Widal iliwanasa 12 kati yao, robo tatu. Kwa wasio na taifodi ilionekana hodari kwelikweli: katika kila 100 iliwaachia 98. Mchuuzi wa vipimo akikuonyesha namba hizo mbili tu, utamnunulia soda. Sasa piga hesabu. Asilimia 2 ya watoto 1,664 wasio na taifodi ni watoto kama 33. Maana yake ni kwamba watoto wapatao 45 walionekana "wanayo", na 33 kati yao hawakuwa nayo. Robo tatu! Na hiyo ilikuwa Widal ya mirija, iliyofanywa kwa utulivu ndani ya utafiti, siyo tone la kwenye kigae saa nne asubuhi foleni ikiwa imefika nje.

Msomaji makini atanishika hapa: kuotesha damu nako si Biblia, hukosa wagonjwa wengi. Kweli. Makadirio ya kawaida ni kwamba hukosa kama wanne katika kila kumi. Basi tuwaongezee: tuseme watoto wenye taifodi ya kweli walikuwa 27 badala ya 16, na Widal ikawanasa hao walioongezeka kwa kiwango kile kile. Bado majibu ya uongo yanazidi nusu.

Siri iko kwenye uchache wa wagonjwa. Ugonjwa ukiwa adimu miongoni mwa wanaopimwa, hata kosa dogo la kipimo huzaa wagonjwa bandia wengi kuliko wa kweli. Kagera tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani kwetu mwaka 1983, na utafiti wa mwaka 1987 ulikuta karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne Bukoba mjini ana VVU. Chukua mfano wa kipimo kimoja, peke yake, kinachomkosea mtu mmoja katika kila 100 wasio na virusi. Katika watu 1,000 wa Bukoba ile, kingewasingizia kama wanane huku kikinasa wenye virusi wapatao 240. Kipeleke mahali ambapo wenye VVU ni 20 katika 1,000, kitawasingizia kama kumi. Jibu chanya moja katika kila matatu litakuwa la uongo, na kipimo ni kile kile, kiwanda kile kile. Waliobadilika ni watu walioketi kwenye benchi. Ndiyo sababu hakuna anayeambiwa ana VVU kwa kipimo kimoja, na ndiyo sababu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zihitaji majibu chanya matatu mfululizo kabla ya kumwambia mtu, hata zile zilizokuwa zimezoea mawili. Kwenye VVU tumekubali kipimo kihojiwe. Kwenye taifodi tunakipigia saluti.

"Lakini nilikunywa siprofloksasini nikapona." Hoja hii naisikia kila mahali, na ndiyo inayoipa Widal maisha marefu. Homa nyingi huisha zenyewe. Kwa watoto 1,005 wenye homa waliochunguzwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara, matokeo yakatangazwa mwaka 2014, zaidi ya 70 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye taifodi hawakufika wanne katika 100. Wengi wa hao wenye virusi wangepona hata kwa uji na usingizi. Mtu aliyepona baada ya dawa hajathibitisha ugonjwa, amethibitisha tu kwamba amepona. Dawa nayo haijapita bure: kila dozi isiyohitajika inawafundisha vimelea kuishinda, na siku taifodi ya kweli ikija tutaikuta imehitimu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hao wanaoapa kwa kipimo hawakiamini kikija hasi. Mfuatilie mama aliyeingia akasalimiwa, "Shikamoo mama," akajibu, "Marahaba mwanangu, leo nipime vyote." Malaria haionekani, mkojo safi, choo safi. Je, anafurahi? Anatoka amekunja uso: vipimo vya hapa vibovu, kesho naenda mjini. Kipimo hakidanganyi kikimpa dawa. Kikimnyima ni kibovu. Imani hiyo haihusu maabara hata kidogo, inahusu kutorudi nyumbani mikono mitupu.

Na wahudumu nao wamo. Katika hospitali kumi za Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Waliokuwa na vimelea kwenye damu ni 2,062, chini ya nusu. Vifo vilikuwa vingi zaidi kwa wale wasio na vimelea: kama 12 katika kila 100, dhidi ya 7 kwa wenye vimelea. Walikuwa na kitu kingine kinachoua, wakawa wanatibiwa malaria.

Malaria ina mtego wake mwingine, tena Muleba, wilaya ambayo imewahi kupigwa na milipuko yake, inaujua mtego huo bila kuutaja. Kipimo cha haraka kinanusa protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Umemaliza dawa mseto Jumatatu, wiki ya pili unapata mafua, unapimwa, mstari unatokea, unaanzishiwa dozi mpya. Kuna pia mtu mzima aliyezoea mbu tangu utoto: anatembea na vimelea vichache bila kuumwa. Akipata nimonia, kipimo kitasema kweli tupu kwamba ana vimelea, na ukweli huo ndio utakaomfanya asitibiwe mapafu. Kwenye hadubini mambo hayana afueni: rangi ya Giemsa iliyokaa bila kuchujwa huacha mashapo ya zambarau, na jicho lililochoka huyaita wadudu. Wangapi? Plus moja.

Jibu hasi nalo lina uongo wake, na tuliuona jirani tu hapo, Biharamulo. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu tisa walioshukiwa kuwa na Marburg, wanane wakiwa wamekufa. Serikali ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba maabara inayohamishika ya Kabaile, na baadaye Dar es Salaam, zimethibitisha mgonjwa mmoja. Sampuli nyingine 25 zilikuwa hasi. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, hesabu ilisimama kwenye watu kumi, wote marehemu. Waliothibitishwa na maabara ni wawili. Wanane waliosalia walikufa kabla mlipuko haujathibitishwa, na wameingia kwenye orodha kwa dalili zao na kwa watu waliokuwa nao, bila cheti. Kwa virusi vya jamii hii sampuli iliyochukuliwa ndani ya siku tatu za mwanzo inaweza kuja hasi, ndiyo maana hurudiwa. Anayedai kwamba pasipo cheti hapana ugonjwa awatazame hao wanane.

Najua kuna atakayechukua haya akakimbilia upande wa pili. Tulishakimbilia. Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema sampuli za mbuzi na papai zilizopelekwa maabara kama za watu zilirudi chanya kwa korona. Swali sahihi lilikuwa: kipimo kinakosea mara ngapi, na kosa liko kwenye mashine, kwenye vitendanishi au kwenye mikono? Badala yake takwimu zikagandia kwenye wagonjwa 509. Kukikuta kipimo kimekosea si ruhusa ya kukitupa. Bila maabara tunakosea vibaya zaidi: mwaka 2007 hadi 2008, Moshi, wagonjwa 870 walilazwa na homa, madaktari waliona malaria kwa 528, na waliokuwa nayo kweli walikuwa 14.

Kwa hiyo sidai turudi kwenye kukisia. Nadai mpangilio ugeuzwe. Kwanza mgonjwa asikilizwe na kushikwa tumbo, pili daktari aseme anashuku nini, tatu ndipo kidole kitobolewe kwa swali hilo. Siku hizi kidole kinatobolewa kwanza, mgonjwa anamwona daktari akiwa na majibu mkononi, na daktari anabaki kuwa mwandishi wa dozi. Mpangilio huo una faida kwa wenye maabara, kwani kila kipimo kina bei yake, na "kupima vyote" ndiyo oda wanayoipenda. Halmashauri ya Muleba ingeweza kuanza na Widal: homa yoyote isiwe tiketi yake.

Nawe ukifika dirishani, uliza kabla hujalipa: kikija hasi mtanifanyia nini, na kikija chanya? Jibu likiwa dawa ile ile, kipimo hicho hakina kazi. Muulize na mtaalamu wa maabara kama asubuhi hiyo ameendesha kontro, yaani amejaribu vitendanishi vyake kwa sampuli ambazo majibu yake anayajua tayari. Mzembe atakasirika. Anayeifanya kazi yake vizuri atakuonyesha daftari.