Makupa: Maji Yana Njia Yake

Ni nani mwana wa Mvita asiyepita Makupa? Lakini si wengi wanaokumbuka kwamba pale bahari ilipata kufungiwa njia yake.

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, kikwazo cha kwanza hakikuwa simba wa Tsavo, bali hori la Makupa. Mombasa ni kisiwa, na gari moshi halina makasia. Likajengwa daraja la muda la mbao, kisha la chuma, nalo likaitwa Salisbury, kwa jina la Waziri Mkuu wa Uingereza wa siku hizo. Jina lilitoka London. Jasho la reli lilikuwa la vibarua, wengi wao kutoka Bara Hindi. Walioletwa walikuwa kama 32,000, na wapatao 2,500 walifia kazini.

Daraja lile la wakoloni lilikuwa na adabu moja: lilipita juu, likayaacha maji yapite chini. Mwaka 1929 shauri likageuzwa. Badala ya daraja likajazwa tuta, reli na barabara zikapita juu yake. Kwa mhandisi, tuta ni imara, halina nguzo za kuliwa na chumvi. Kwa bahari, tuta ni ukuta. Maji ya upande wa Kilindini hayakukutana tena na ya Tudor mahali pale. Mwaka 1988 mafuta yalipomwagika Makupa, mikoko iliangamia katika hori ambalo mkondo wake ulikuwa umekwisha kuzibwa. Kando yake, jaa la Kibarani liliendelea kukua hadi lilipofungwa mwaka 2018.

Ilichukua zaidi ya miaka tisini fundo hilo kuanza kufunguliwa. Mwaka 2022 lilizinduliwa daraja jipya la barabara, urefu wake karibu nusu kilometa, kusudi tuta lifukuliwe na maji yapite tena.

Wahenga walinena: maji hufuata mkondo. Hatupingi reli wala barabara. Mji wa bandari hauishi bila hizo. Tunalotaka ni kwamba ramani ya daraja lolote inapotandazwa mezani, mvuvi naye aitwe, aulizwe maji hupita wapi wakati wa bamvua na samaki huzalia wapi. Yeye hana shahada ya uhandisi, lakini hori analijua kama kiganja chake. Asipoulizwa leo, deni litalipwa na wajukuu, kama lilivyolipwa la Makupa.