Zoezi la udukuzi ni kazi ya mkuu wa chuo

Jioni ya tarehe 23 Desemba 2019, likizo ya Krismasi ikiwa imewadia, wadukuzi walifunga seva 267 za Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi. Barua pepe zilikwama na mafaili hayakufunguka. Hata baadhi ya nakala rudufu, kwa kuwa zilikuwa kwenye mtandao huohuo, zilifungwa pia. Uchunguzi ulibaini kwamba wahalifu waliingia katikati ya Oktoba kupitia barua pepe za ulaghai, wakakaa ndani zaidi ya miezi miwili. Wiki moja baada ya shambulio, chuo kiliwalipa wahalifu fidia ya bitcoin 30 ili seva zifunguliwe, thamani yake ikiwa karibu euro 200,000.

Uamuzi wa kulipa haukuwa wa mafundi wa kompyuta. Ulikuwa wa bodi ya uongozi, nao ulikuwa mchungu. Kulipa ni kuwanenepesha wahalifu. Kukataa kungeweza kukifanya chuo kikae miezi kadhaa kikijenga mifumo upya, huku mitihani na utafiti vikisimama. Hilo ni suala la fedha, la sheria na la dhamiri, na bodi ililazimika kuliamua maji yakiwa shingoni.

Ndiyo maana nasema zoezi la kujiandaa na shambulio la mtandaoni lisiachwe mikononi mwa idara ya TEHAMA peke yake. Mafundi wanaweza kurudisha seva. Hawawezi kuahirisha mitihani, kuzungumza na wazazi, wala kuamua kama fidia ilipwe.

Zoezi lenyewe halihitaji mitambo. Wanakaa mezani mkuu wa chuo, msajili, mhasibu, mwanasheria, ofisa uhusiano, mkuu wa TEHAMA na kiongozi wa wanafunzi. Mwezeshaji anasoma karatasi ya kwanza: ni Jumatatu ya wiki ya mitihani, saa moja asubuhi, na kompyuta za idara ya fedha zinaonyesha ujumbe wa kudai fidia. Je, mtandao mzima uzimwe? Nani ana mamlaka ya kutoa amri hiyo, na ikiwa simu yake haipatikani? Karatasi ya pili, saa nne: picha ya ujumbe huo imeshazagaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi. Nani anaandika taarifa ya chuo, na ataitoa kwa njia gani ikiwa tovuti na barua pepe vimezimwa? Karatasi ya tatu: mishahara inatakiwa benki kesho, na orodha ya malipo imo ndani ya seva iliyofungwa. Ya nne: wahalifu wanatishia kuanika matokeo ya wanafunzi na kumbukumbu za zahanati.

Hapo ndipo kasoro hujitokeza. Mpango wa dharura umehifadhiwa kwenye seva ileile iliyofungwa. Namba za simu za wakuu wa idara zimo kwenye mfumo usiofunguka. Watu wawili wanadhani wao ndio wasemaji, na hakuna hata mmoja anayedhani ni jukumu lake kuarifu mamlaka. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale uvujaji wa taarifa unapohatarisha wahusika. Chuo kisichojua nani ataandika barua hiyo kitapoteza siku ya kwanza watu wakitafutana.

Mambo madogo ndiyo hulemea. Mwezi huohuo wa Desemba 2019, Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, kilishambuliwa, kikazima mtandao wake na kulazimika kubadili nywila za watu wapatao 38,000. Wanafunzi na wafanyakazi walipanga foleni, kitambulisho mkononi, kila mmoja akipokea nywila yake mpya kwenye karatasi. Kupanga foleni ya namna hiyo ni kazi ya utawala: ukumbi upi, siku zipi, nani anakagua vitambulisho.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Wanasema fedha ni chache, kwa hiyo afadhali zinunue nakala rudufu kuliko kulipia vikao. Wanasema pia kwamba mazoezi hayazuii udukuzi. Ni kweli: nchini Uholanzi, SURF, chombo cha ushirikiano wa TEHAMA cha vyuo, kimekuwa kikiendesha zoezi la kitaifa liitwalo OZON tangu 2016, na Maastricht ilipigwa hata hivyo. Lakini zoezi halikusudiwi kuwa ukuta. Linapunguza muda wa kubabaika baada ya ukuta kuvunjwa. Tena zoezi ndilo linalofichua kwamba nakala rudufu hazijawahi kujaribiwa, au kwamba zimeunganishwa na mtandao uleule. Nusu siku ya viongozi ni bei nafuu kwa ugunduzi huo.

Hatari ninayoikubali ni zoezi la maonyesho: picha zinapigwa, ripoti inafungiwa kabatini, na mwaka unaofuata kasoro ni zilezile. Zoezi la namna hiyo ni baya kuliko kutofanya lolote, kwa sababu linawapa watu imani wasiyostahili. Kila kasoro iandikwe pamoja na jina la mhusika, tarehe ya mwisho na fungu la fedha.

Asiyeona uzito wa jambo hili aangalie Chuo cha Lincoln, Illinois, Marekani. Kilianzishwa 1865, kikavuka vita viwili vya dunia na Mdororo Mkuu wa uchumi. Desemba 2021 kilidukuliwa, na mifumo yake ya kusajili wanafunzi na kuchangisha fedha ikafungwa. Iliporejea Machi 2022, chuo kiligundua upungufu mkubwa wa wanafunzi waliotarajiwa. UVIKO-19 ulikuwa umeshakidhoofisha, udukuzi ukakimalizia. Kilifunga milango tarehe 13 Mei 2022.

Mabaraza ya vyuo vyetu yana wajibu hapa. Katika kikao kijacho, yamuulize mkuu wa chuo maswali matatu: zoezi la mwisho lilifanyika lini, nani alikaa mezani, na kasoro zipi zimesharekebishwa? Akishindwa kujibu, asiondoke bila kupangiwa tarehe.