Huo Si Mtindo, Ni Pengo

Muulize kijana anayecheza sataranji kwenye simu anachezaje, jibu analo tayari. "Mimi ni mshambuliaji." Au: "Mimi najilinda tu, nasubiri akosee." Ukimbishia, atakuambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nakataa. Kwa mchezaji wa ridhaa ambaye bado anaacha farasi wake bila ulinzi, hicho anachokiita mtindo ni jumla ya mambo asiyoyajua, na kukienzi ndiko kunakomdumaza.

Washambuliaji humtaja Mikhail Tal, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1960 kwa kafara zilizowachanganya wapinzani. Hawataji kwamba Tal huyohuyo, kati ya 1973 na 1974, alicheza michezo 95 mfululizo bila kushindwa. Hapo hapafikiwi kwa kushambulia peke yake. Sharti ujue kuokoa hali mbaya, na kumsindikiza askari mmoja wa ziada kwa subira hadi avuke. Wanaojilinda nao hujificha nyuma ya bingwa Tigran Petrosian. Basi wautazame mchezo wa 10 wa mwaka 1966, alipokuwa akitetea taji lake la dunia dhidi ya Boris Spassky: Petrosian alimtoa malkia kafara kando ya mfalme wa Spassky, na Spassky akasalimu amri. Ubao ulidai pigo, naye alikuwa na uwezo wa kulitoa. Mabingwa wana mtindo kwa sababu wanaweza kucheza kila namna, kisha wanachagua.

Simu inaukuza upotofu huu. Majukwaa ya Lichess na Chess.com hukukutanisha na mtu mwenye alama zinazokaribiana na zako, kwa hiyo ucheze upendavyo, baada ya muda utashinda takriban nusu ya michezo. Ukishinda, unausifu mtindo wako. Ukishindwa, unalaumu saa. Tena katika mchezo wa dakika tatu, kafara mbovu hulipa mara nyingi, maana mpinzani hana nafasi ya kutafuta kasoro yake. Mtu anaweza kukaa miaka akithibitishiwa kosa lilelile kila jioni, na hilo linanikera, kwa sababu wengi wa hawa vijana wana vipaji vya kweli.

Wanachokikimbia zaidi ni hatua ya mwisho ya mchezo, kete zinapobaki chache. Wanaiona kavu. José Raúl Capablanca, bingwa wa 1921 hadi 1927, alisisitiza kwamba anayejifunza aanzie hapo hasa, na alikuwa sahihi: kete zikiwa chache, nguvu ya kila moja huonekana wazi, na mfalme mwenyewe hugeuka mpiganaji. Asiyelijua hilo huogopa kubadilishana malkia hata anapoongoza, halafu hofu hiyo anaiita ushujaa.

Kwa hiyo fungua mchezo wa mwisho ulioupoteza. Usiiulize kompyuta kwanza. Tafuta mwenyewe ni wapi uliacha kuelewa kinachoendelea. Ukikuta ulikwepa kubadilishana kete kwa kuwa "si mtindo wako", weka ubaoni ngome na askari dhidi ya ngome, ujifunze jinsi mchezaji Philidor alivyoonyesha, tangu karne ya 18, namna upande dhaifu unavyopata sare. Kisha cheza michezo mirefu, hata alama zikishuka. Acha zishuke.